Emil Kratochvil na Valvu Moja

Baba Padri, ndugu, jamaa, na ninyi nyote mliokuja na mvua hii, mimi ni Vlasta, binti wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, na kaka yangu Karel ameniomba niruke sehemu moja, sitairuka.

Baba yetu, Emil Kratochvil, alizaliwa tarehe 9 Februari 1931 hapa hapa Cicero, Illinois, mtoto wa mwisho wa fundi wa kiwanda cha simu, akasoma shule ya parokia hadi 1945, kisha shule ya ufundi hadi 1949, ambako alirudishwa nyumbani mara moja kwa kuunguza fyuzi za jengo zima, na mwaka 1951 akapelekwa Korea kutengeneza redio za jeshi, akarejea 1953.

Tarehe 1 Machi 1954 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha amplifaya za gitaa huko Chicago, kilichofungwa zamani, na kazi yake ilikuwa kuchora hatua ya mwisho, pale sauti inapopata nguvu ya kusukuma spika. Baba aliipenda ile ya valvu moja, kile kioo kinachowaka ndani ya redio za zamani, maana alisema valvu mbili hugawana wimbi zikafichiana makosa, lakini moja hulibeba lote, inawaka moto hata mpigaji akinyamaza, na ikilemewa hulia kwa utamu. Tarehe 18 Juni 1955 alifunga ndoa na Libuse Hanzlik, mama yetu, aliyemkubali, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa na mikono misafi, kumbe ni sabuni ya kiwandani, wakajaliwa Karel mwaka 1957 na mimi mwaka 1960.

Mwaka 1959 wakubwa walitaka amplifaya ndogo ya wanafunzi, ya bei ya chini. "Emil, hiyo transfoma ya umeme ya nini? Itoe!" Baba akatafuta valvu ya kutolea sauti ambayo, ikiungwa na wenzake, ingekula umeme wa ukutani moja kwa moja, akaitoa transfoma, iliyokuwa ikimtenga mpigaji na umeme wa ukutani, wakampongeza kwa keki. Tangu hapo, kati ya waya wa ukutani na nyuzi za gitaa kilibaki kipande kimoja kidogo tu cha kuzuia umeme, na plagi za wakati ule ziliingia upande wowote, basi wapigaji walizoea kupigwa shoti ya mdomo wakigusa maikrofoni, huku wakitaniana, "Ikikuuma, geuza plagi!", na Baba naye aliwaambia wateja hivyo hivyo, akicheka.

Tarehe 22 Agosti 1963, Norma Tuckett wa Kokomo, Indiana, mama wa watoto wawili, alikuwa akipiga gitaa kwa amplifaya hiyo katika chumba cha kufulia, peku, sakafu imelowa, kile kipande kikapasuka, naye akafa. Mwezi uliofuata mumewe alikuja kiwandani na ile amplifaya ndani ya boksi, akaiweka mezani.

"Nani aliichora hii?"

Baba akasimama. "Mimi."

"Haya, nieleze inavyofanya kazi."

Baba akamweleza yote, valvu kwa valvu, yule bwana akiitikia kwa kichwa, mwisho akasema asante, akaondoka, akaiacha pale.

Wiki hiyo hiyo Baba aliacha kazi, akatengeneza televisheni huko Berwyn hadi 1996, na kila Jumapili baada ya misa alizunguka minada na maduka ya vitu vikuukuu akizisaka amplifaya zake, akaziwekea transfoma na plagi ya miguu mitatu, na mwenye nayo akikataa, alimbembeleza hadi afukuzwe.

"Baba Karel, ukileta nyingine humu ndani, mimi nahamia gereji!"

"Gereji imejaa."

"Basi nitalala juu yake!"

Hakujua ngapi zimebaki, na hilo ndilo lililomla. Nimekua nikijua kwamba kuna mama wa Kokomo anayesimama karibu na mashine yetu ya kufulia, Baba alimwona, na Mama, ambaye hakumwona, alimpisha akipita na nguo. Jamani, mimi niliogopa chumba kile, na mpaka leo sishuki peku.

Mwezi Mei 2008 moyo wake ulianza kushindwa, na tarehe 4 Novemba 2008, asubuhi, akatuambia, "Mpeni viatu, sakafu imelowa," akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu na mkate, na mafundi wenzake wa Berwyn.

Jambo la mwisho. Binamu yangu Radek alitaka kumuaga Baba kwa gitaa, akanunua mtandaoni moja ya amplifaya zake ili atushangaze, ndiyo ile pale kando ya jeneza. Asubuhi hii niliangalia nyuma yake, haina transfoma, plagi ni ya miguu miwili. Radek, usinikasirikie, nimekata waya wake kwa mkasi wa maua, utapiga bila umeme, na sisi tutanyamaza ili tukusikie. Mwenye nyingine kama hii darini kwake asiiwashe, aniletee mimi.

Pumzika kwa amani, Baba, hii tumeiwahi.