Mume Asiyetia Chumvi

Pikapu ya abiria ilikuwa haijatoka hata mjini Salima pale Ulemu, aliyekalia gunia la mahindi, aliposikia mwanamke mjamzito akimmwagia mama muuza dagaa siri ambayo pengine hata dada yake hakuwa nayo.

"Mama, tangu mimba ifike miezi sita mume wangu ndiye anayenipikia. Lakini chumvi hatii. Ananiambia, tia mwenyewe."

Mama akaguna. Kwao kila mtu anajua: mume aliyetembea nje hatii chumvi kwenye chakula cha mkewe mjamzito, asije akamdhuru mtoto tumboni.

"Umemuuliza?"

"Nimuulizeje? Akikiri nitakufa, akikana sitaamini. Mwezi mzima silali. Nanusa mashati yake kama mbwa."

"Kliniki mlikwenda wote?"

"Tulikwenda. Presha ilikuwa juu."

"Basi ni nesi aliyemkataza, mwanangu! Presha na chumvi havikai chungu kimoja."

"Angekatazwa, angeniambia nitie mwenyewe?"

Mama akavuta kapu lake la dagaa karibu. Ulemu naye akamtafutia yule mume jibu kimoyomoyo, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Muulize hivyo hivyo," mama akasema mwishowe. "Huko kutolala kutamdhuru mtoto kabla ya chumvi."

Pikapu ikasimama Benga. Mwanamume mwembamba alikuwa akimsubiri mkewe akiwa na baiskeli, amefunga mto laini kwenye kiti cha nyuma. Mjamzito akashuka taratibu, akautazama ule mto ambao hakuwahi kuuona, akakusanya nguvu zake zote.

"Mto huu," akauliza, "wa nani?"