Ugonjwa wa Gédéon Ulioshuka Shingoni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Gédéon, dereva wa pikipiki wa Wamaza. Kansa ya ulimi ndiyo iliyomuua. Ninarudia: kansa ya ulimi. Ninarudia kwa sababu mengine mengi yalisemwa.

Wengi wenu aliwabeba mpaka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Alitafuna tumbaku njia nzima. Kwenye matope alishuka akasukuma, abiria akibaki amekaa.

Mwaka jana alitokwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Hakikupona. Mdomo ukaanza kunuka. Watu wakanong'ona kwamba ni ugonjwa wa zinaa, kautoa machimboni. Mke wake, Estelle, akasadiki. Siku moja, sokoni Wamaza, alimpigia kelele: "Rudi kwa yule mwanamke wa Salamabila aliyekupa hiyo! Mi sitalala na mutu anayeoza." Kisha akaenda kwao Lusangi.

Gédéon hakujibu. Aliona haya. Akaacha kubeba watu, akawa anabeba magunia tu. Hospitali hakwenda, akiogopa kuulizwa amelala na nani. Chini ya taya pakavimba. Akafunika shingo kwa kitambaa, kama mtu anayejikinga na vumbi.

Kaka yake, Christophe, ndiye aliyemvuta mpaka hospitali ya Kasongo. Daktari Elsa alitazama ulimi, kisha akakifungua kile kitambaa. Akapapasa shingo pande zote mbili, taratibu. Akachoma uvimbe kwa sindano, akavuta maji kidogo, yakapelekwa Bukavu kupimwa. Majibu yaliporudi, alimwita Estelle pia.

"Mama, bwana yako haiko na ugonjwa wa zinaa. Ni kansa. Ilianzia kwenye ulimi, imeshuka kwenye tezi za shingo. Ingekuwa kidonda peke yake, pengine tungeikata. Sasa imeenda mbali."

Estelle anasimulia: "Gédéon akaniuliza, 'Sasa unanisadiki?' Nilishindwa kumuangalia. Aliponyamaza miezi yote ile, mi ndiye nilimunyamazisha."

Estelle alirudi nyumbani kwa mumewe, akamlisha uji kwa kijiko mpaka alipokata roho. Lakini hata msibani wapo waliokaa mbali na maiti, wakirudia yale maneno ya sokoni. Maneno ya Estelle mwenyewe. Jana Estelle alikuja hapa redioni kwetu, hakutaka hata kiti. "Kwake niliomba musamaha," alisema. "Lakini soko haikusikia. Museme kwa redio."

Basi soko la Wamaza, sikieni. Gédéon hakumsaliti mke wake.

Mama Estelle, Christophe, watoto na ukoo mzima, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji: kidonda cha mdomo kisichopona, uvimbe wa shingo usioondoka, msikae navyo nyumbani. Nendeni mapema, mkaguliwe mdomo na shingo pia. Na wewe uliyemcheka Gédéon, najua unatusikia. Leo ukipita Wamaza, ingia kwa mjane wake umpe mkono. Ukikosa la kusema, usiseme kitu.