Marehemu Anastaafu Akiwa Hai

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi na msimamizi wa ukumbi wetu wa mikutano atakabidhi funguo na kuondoka kwa miguu yake mwenyewe. Nasisitiza miguu yake, maana wengi wamezoea kumwona akibebwa.

Alianza kama mpanga viti. Ndani ya miaka mitatu alikuwa anajua kila waya, kila swichi na kila bomba la jengo hili, na ndiye aliyegundua kwamba kipaza sauti cha jukwaani hakifanyi kazi mpaka ukipige kofi upande wa kushoto. Hadi leo tunakipiga.

Jina la Marehemu alilipata mwaka ambao kongamano la waandishi na wapenzi wa riwaya za upelelezi lilikuja hapa kwa mara ya kwanza. Jumamosi ya kongamano huwa kuna mchezo: asubuhi maiti hupatikana ukumbini, wajumbe hushinda wakihoji watu na kupima nyayo, na saa kumi jioni mpelelezi hupanda jukwaani kumtaja muuaji. Mwaka huo mwigizaji aliyekodiwa kuwa maiti hakutokea. Mzee wetu alikuwa chini ya meza akikaza waya, miguu nje. Mwandishi mmoja akaiona, akapiga ukelele, na kufumba na kufumbua watu sitini wakawa wamemzunguka. Akaona haya kuwaharibia furaha yao, akatulia tuli. Daktari mmoja mstaafu alimshika mkono na kutangaza kwamba amefariki saa sita zilizopita. Sisi tulikuwa tumetoka kunywa naye chai.

Tangu hapo hawakutaka maiti mwingine. Ameuawa mara ishirini na mbili: sumu mara tisa, kisu mara sita, kamba mara nne, kusukumwa ngazini mara mbili, na mara moja kupigwa kamusi ya kichwa. Meneja wetu huandika bila wasiwasi kwenye ubao wa matangazo kwamba Marehemu ameomba likizo. Mwaka mmoja mkewe alimletea miwani, akamkuta kifudifudi, kisu mgongoni, rangi nyekundu imetapakaa. Akamsema mbele ya wapelelezi wote kwa kuvaa shati jipya kazini. Maiti hakujibu. Wajumbe wakamweka mama wa watu kwenye orodha ya washukiwa, na hawakumwachia mpaka saa tisa.

Lakini jambo moja lilimkera miaka yote. Maiti hubebwa saa nne kupelekwa stoo, na saa kumi, muuaji anapotajwa, yeye huwa ukumbi mdogo akipanga meza za waandishi kusainia vitabu. Kwa hiyo aliuawa mara ishirini na moja bila kujua aliyemuua hata mara moja. Kuuliza alikataa. Kwa wale watu, kumsimulia mwisho mtu ambaye hajaufikia ni kosa kubwa kuliko kuua, na yeye aliwaheshimu. Alitaka kusikia kwa masikio yake, ukumbini, kama wengine.

Mwaka huu, kwa kuwa ni wa mwisho, alimwomba mwenyekiti wa kongamano asibebwe. Kamati ilikutana mara mbili, ikakubali. Saa tatu asubuhi akanywa juisi yake ya sumu, akaanguka vizuri sana kwenye zulia, na mwenyekiti mwenyewe, kwa huruma, akamwekea mto. Hapo ndipo alipokosea. Saa nane Marehemu alianza kukoroma. Wajumbe wakauandika mkoromo kwenye daftari kama ushahidi. Mmoja alishikilia kwamba ni ujumbe wa siri. Mimi, ninayekaa mapokezi, nilipenya nikamfinya kidole cha mguu, nikafukuzwa kwa kuvuruga eneo la tukio. Saa kumi muuaji akatajwa, watu wakapanda juu ya viti, na makofi ndiyo yaliyomwamsha. Alipoketi, mjumbe mmoja wa safu ya pili alizimia.

Akauliza ni nani. Mwenyekiti akafungua mdomo, Marehemu akainua mkono kumzuia, kisha akaanza kukunja viti. Nilimtazama akivikunja kimoja kimoja. Sijawahi kumwona mnyonge namna ile.

Jumatatu ikaja barua. Mwakani amealikwa kama mjumbe, kiti cha mbele katikati, na hatapanga chochote. Waliomba tu tuwatafutie maiti mwingine. Meneja akauliza nani yuko tayari, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Kaka yetu, asante kwa kila kiti ulichotupangia na kila kifo ulichokufa bila kulalamika. Tunakuombea afya, utulivu nyumbani, na mashati mapya yasiyotobolewa. Ijumaa ile ya mwakani lala mapema. Kesho yake saa tatu mimi nitakuwa chini kwenye zulia, wewe umekaa kitini macho kodo. Na ukishamjua aliyeniua, tafadhali, usiniambie.