Pikapu Haivishwi na Mtu Mmoja

Kaeni, wanangu, na masikio yenu yakae pia, maana nawajua, mnaweza kukaa hapa huku masikio yamekwenda sokoni. Binti yangu, kifungua mimba, kaa upande huu wa dirishani, na wewe kitinda mimba, mchora mabango wangu, kaa hapa miguuni pangu, acha kuegemea ukuta kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Mama yenu yuko kwenye kiti chake, na baba yenu mdogo nimemwita awe shahidi, ingawa ushahidi wake huongezwa chumvi kabla haujaiva. Pumzi yangu siku hizi ni kama maji ya bomba, hukatika na kurudi, basi nikinyamaza msidhani nimemaliza. Ngojeni.

Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakapoichoka mwenyewe, na hilo halina mjadala. Kamba zangu, mablanketi ya kufungia makabati na kigari cha kusukumia majokofu, vyote nilivyohamishia watu nyumba tangu ujana wangu, mgawieni kijana yeyote anayeanza kazi hiyo, mradi asiwe mtu wa kutupa vyombo vya wenziwe. Lakini sikuwaita kwa ajili ya hayo. Nimewaita kwa ajili ya pikapu hiyo iliyo hapo nje, kwa sababu jana nilifumba macho mkadhani nimelala, nikawasikia mnagombana barazani. Wewe, kitinda mimba, ulisema gari limezeeka na sura yake inatia aibu, litiwe magurudumu mapana, ngao ya kung'aa mbele na taa juu ya paa, la sivyo liuzwe. Na wewe, binti yangu, unayefua mashuka ya nyumba za wageni na kuyasafirisha humo, ukamjibu, "Ukiligusa hata kioo, usiniite dada tena." La magurudumu lilinichekesha. La dada lilininyima usingizi.

Sikilizeni basi jinsi gari hilo lilivyovishwa, kwa maana lilikuja kwangu uchi. Lilikuwa limekwishatumika mikononi mwa watu wengine, halina kifuniko nyuma, halina keria, viti vimechanika sponji ikachungulia kama ulimi wa mbwa. Nami nilikuwa kijana, na kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya kwanza nikaenda moja kwa moja kwenye maduka ya urembo wa magari, yale ambayo mama yenu huyaita saluni, nikaona ngao ya chuma imeng'arishwa mpaka nikajiona meno, nikainunua kabla sijauliza lolote. Mwenye duka aliniambia, "Hii inaingia gari zote." Wanangu, mkisikia neno hilo, shikeni njia ya mlango. Kitu kinachoingia kote hakikai sawasawa popote. Ngao ile ilikuwa nzito hata pua ya gari ikainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, na kila nikipita kwenye shimo ilipiga kelele za sufuria. Mama yenu alilizunguka gari, mikono kiunoni, akasema, "Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini hii si nundu yake, mume wangu. Hii ni nundu ya ng'ombe mwingine." Nikaifungua siku ileile, na mpaka leo ndiyo inayozuia lango la nyuma lisipigwe na upepo.

Tangu hapo nilijifunza kuuliza gari linataka nini kabla ya kuuliza mimi nataka nini. Gari la kuhamisha nyumba lilitaka vidato vya pembeni vya kupandia, kwa sababu wateja wengi walikuwa akina mama wazee na mama yenu mwenyewe hakujaliwa urefu, naye sasa ananikodolea macho lakini ni kweli. Lilitaka pete za chuma za kufungia kamba, lilitaka vioo vya pembeni virefu vya kuchungulia nyuma ya kabati. Watu husema mchagua jembe si mkulima, nami nasema hapana, aliyesema hivyo alikuwa na jembe la kuazima. Chagueni. Pimeni ndani, pimeni juu, pimeni chini, maana magari ya zamani yalibadilishwa mwaka hadi mwaka, jina ni lile lile na kiuno ni kingine. Wala msitoboe tundu kabla hamjakiweka kitu mahali pake mkakitazama kwa jua.

Jambo moja tu lilinishinda kulipata, nalo ni kofia ya nyuma, lile paa gumu la kufunika mzigo. Mvua ilikuwa ikininyeshea magodoro ya watu. Kwa gari la umri ule maduka yote yaliniambia hawatengenezi tena, na mmoja akanishauri nibadilishe gari niifuate kofia. Mshona mahema wa mtaa wa nyuma akanishonea turubai zuri la kusitiri mambo, naye hadai pesa, anadai safari moja tu, ya kumhamishia vyombo vyake kwa binti yake siku atakapoacha kushona. Binti yangu, deni hilo ni lako sasa. Hilo tu ndilo deni ninaloliacha, na ni tamu kulilipa, kwa kuwa mama yule ana hadithi za njia nzima.

Basi siku moja, katika yadi ya magari yaliyokufa, nikaiona. Kofia nyeupe, vioo vyake vizima, imelala juu ya nyasi. Nikaipima kwa kamba, nikaikuta ni ya gari langu kama kucha na kidole. Nikaenda nyumbani kutafuta fedha, na njiani nikampitia mdogo wangu huyu, ambaye wakati ule naye alikuwa na pikapu, nikamweleza kwa furaha yote. Niliporudi yadini kesho yake, nikaambiwa, "Ndugu yako ameshaichukua."

Msicheke bado. Nilikwenda kwake nikamwambia maneno ambayo ndugu haambiwi, naye akanijibu kwa maneno ya namna hiyo hiyo, na tangu siku ile hatukusalimiana. Yeye husema aliinunua ili anipe zawadi, ila mimi nilianza kutukana kabla hajafungua kinywa. Mimi husema aliitaka mwenyewe. Tazameni, hata sasa anatikisa kichwa. Ipi ndiyo kweli sijui, wala sitaki tena kujua. Ninachojua ni kwamba kwake haikuingia, gari lake lilikuwa refu kupita langu, lakini kunipa hakunipa, na kuomba sikuomba. Akaiweka chini uani, na kuku hawaulizi kitu kilitengenezwa kwa ajili ya nani. Wakahamia. Kila mvua ikinyesha, mimi nakimbizana na turubai barabarani, na kuku wa mdogo wangu wamekaa pakavu wakitazama nje kupitia vioo. Miaka ikapita hivyo. Mama yenu na mke wa baba yenu mdogo walitembeleana kama kawaida, wakapikiana, wakasukana, na sisi wawili tukavuka barabara tukionana.

Aliyeumaliza ugomvi wetu ni bibi yenu, mama yetu. Alipozeeka tulikubaliana, kwa kupitia wake zetu, kwamba aje akae hapa kwangu. Siku ya kumhamisha nikafika na pikapu, nikakuta mdogo wangu naye amefika na yake, kila mmoja akijifanya hamwoni mwenziwe. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, katikati ya ua, vitu vyake vimemzunguka, na wingu jeusi likiwa juu yetu.

Nikamwambia, "Mama, panda, mvua inakuja."

Akasema, "Naiona. Sina upofu."

Mdogo wangu akasema, "Basi panda langu, mama, lina kiti kizuri."

Akatutazama kama alivyotutazama tulipokuwa wadogo tumevunja chungu. "Sipandi gari la mtu asiyemsalimia ndugu yake," akasema. "Na kabati langu halilowi. Nasikia mmoja wenu ana gari bila kofia, na mwingine ana kofia bila gari. Mimi nitakaa hapa hapa."

Tone la kwanza likamwangukia begani, hakusogea. Tone la pili likamwangukia kwenye paji la uso, hakujifuta. Tulisimama pale, watu wazima wenye ndevu, kila mmoja akingoja mwingine afunue kinywa. Mwishowe mdogo wangu akasema, bila kunitazama, "Spana unazo?" Nikamjibu, "Ninazo." Hiyo ndiyo salamu yetu, wanangu, msiicheke, kuna watu wamepatana kwa mahubiri marefu na hawakudumu.

Tukamfunika mama na vyombo vyake kwa turubai langu, tukakimbilia kwa mdogo wangu na pikapu yangu. Tukawatoa kuku, na jogoo alipigana kama mpangaji aliyelipa kodi. Tukaimwagia kofia maji, tukaisugua, kisha tukaishika, yeye upande huu na mimi upande ule, kwa maana kitu kile hakinyanyuliwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu za fahali. Ikakaa juu ya pikapu yangu bila kusukumwa. Tukakaza nati tumelowa chepechepe, na tulipofika ya mwisho spana ikaniponyoka, yeye akaidaka, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka mke wake akatoka kutazama kama tumerukwa na akili. Tuliporudi, mama akapanda katikati yetu, kabati lake kavu nyuma, manyoya yakituzunguka ndani ya gari, na njia nzima hakusema neno ila moja: "Linanuka, lakini linakwenda." Aliishi humu miaka mingi ya heri, na ninyi mnamkumbuka.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maana yake watu wa nje walijua tutapatana. Sisi tu ndio hatukujua. Msiwe hivyo.

Nipeni maji kidogo.

Neno langu ni hili. Pikapu ni ya binti yangu, kwa sababu ndiye anayeifanyisha kazi, na gari hufa kwa kusimama. Lakini kitinda mimba, wewe ndiye mwenye jicho. Taa za nyuma zimefifia kweli, ulisema haki, basi uzichague wewe, na kabla ya kuzifunga fundi umeme aangalie nyaya kwanza. Milango uiandike kwa mkono wako jina la kazi ya dada yako, herufi za kusomeka, usiweke moto wala simba. Magurudumu mapana hapana, yatasugua matao ya bodi yanayoyafunika na usukani utakuwa mzito mikononi mwake. Na uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Binti yangu, atakapochagua, usimkatize. Akikosea, atarudisha dukani mwenyewe. Na ninyi wawili mtanunua zulia la mpira la kutandika sakafu ya nyuma, vikapu vya mashuka visiteleze, na mtalichagua pamoja, siku moja, duka moja, baba yenu mdogo akiwa nanyi.

Sasa inamisheni vichwa. Mungu awape mikono isiyochoka kusaidiana. Awape mkate na mtu wa kuumegea. Njia zenu ziwe pana, na pale zitakapokuwa nyembamba, mpishane kwa salamu. Nimewaridhia, nyote wawili, sina kinyongo na... na mtu. Amina.

Haya, tokeni. Jua bado lipo, kaipimeni hiyo sakafu ya nyuma, zulia lisije likawa fupi. Dada ashike mwanzo wa futi, mdogo ashike mwisho. Nendeni, nitawasikia kutoka hapa.

Mama yao. Wameshuka? Sioni vizuri. Wanasema nini... wanabishana. Acha wabishane, hiyo ni sauti ya kupima. Sikiliza tena. Yupi amecheka? Mdogo wake? Nilidhani ni dada mtu.

Mdogo wangu, nenda kawashikie, watasahau kupima pale palipovimba, juu ya magurudumu... na hapo ndipo wengi... ndipo wengi hukosea. Nenda, nenda, mimi sipo mbali.

Wewe baki, mama yao. Sogeza kiti. Hapo. Hapo panatosha.