Deni la Cheti cha Stimu

Aliyeniambia kwanza kwamba mume wangu Dionis anataka kwenda kusomea ufundi wa umeme ni Leonia, jirani yetu, tulipokuwa tunachota maji. Yeye aliambiwa na mumewe, na mumewe aliyasikia kwenye benchi la Omari. Kwa hiyo mtaa wetu mzima wa Isevya ulijua kabla yangu, mimi niliyempikia Dionis ugali usiku uliotangulia.

Benchi la Omari muuza kahawa liko penye njia panda, limeegemea ua wetu wa mabua. Nikikaa ndani ya ua natwanga au nanyonyesha, kila neno hunifikia, nitake nisitake. Mwaka ule picha ya Malkia mpya ilikuwa ndiyo kwanza imetundikwa bomani, na wazungumzaji walikuwa walewale: Tarishi, anayebeba barua za bomani na kusema kama kwamba amezituma yeye, Mizani, aliyewahi kupima karanga dukani na sasa hupima mambo ya watu, na Mzee Bagamoyo, ambaye Bagamoyo hajafika, ila baba yake alifika akiwa mpagazi, na pembe begani. Jioni ile Dionis alikuwa katikati yao. Kwenye kona alikaa mgeni aliyesubiri treni ya Mwanza.

— Omari, kahawa yako chungu, na hakuna hata cha kutafuna, alianza Mizani.

— Kahawa ndivyo ilivyo. Ukitaka tamu, kanywe uji na watoto.

— Haya, Dionis, hebu rudia, Mizani akaendelea. Yule mwenye duka wa Chemchem anakupa nini?

— Ada ya mwaka mzima, nauli na vifaa, mume wangu alijibu. Nikipata cheti na kazi, nusu ya mshahara inakwenda kwake mpaka deni liishe.

— Nusu! Mizani akajipiga paja. Nusu ya mshahara gani? Stimu yenyewe Tabora hii iko wapi? Bomani, stesheni, na kwa wakubwa wachache. Huko kote wana mafundi. Utatundika cheti ukutani, na chini yake utawasha kibatari ili ukisome.

— Mizani huoni mbali, akasema Tarishi. Stimu inakuja mpaka hapa Isevya. Barua zake nimezishika kwa mikono hii.

— Umezisoma?

— Bahasha nimezisoma. Kila nyumba itakuwa na taa, na kila taa ikizimika ataitwa Dionis. Deni hilo atalimaliza kabla viatu vyake havijaisha soli.

— Kila nyumba! Hata ile ya kwako inayovuja?

— Itavuja penye mwanga.

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na mchi mkononi, na nilitamani sana kuurusha ng'ambo ya ua.

— Nyinyi watoto, akasema Mzee Bagamoyo. Baba yangu alikopa nguo kwa Mwarabu kabla hajaondoka na msafara, akalipa kwa mabega yake. Deni ndilo linalomwamsha mtu. Tena sikilizeni: stimu ikienea, usiku utakwisha. Usiku ukiisha, fisi watahamia Ugogo. Kila mwenye mbuzi atamlipa Dionis kwa kufukuza fisi!

— Hapana, mzee, akadakia Mizani. Stimu ni kama kisima. Watu wote wakichota, siku moja itakauka huko inakotoka. Nao watamshika nani? Aliyewaungia waya!

Dionis alikuwa akigeuza kichwa, huku na huku, kama mtu anayesubiri ahukumiwe.

Ndipo yule mgeni akaweka kikombe chini.

— Enyi Wanyamwezi, watumwa wa babu yangu! Mpaka leo mnabishana juu ya mzigo ambao hamjaubeba?

Mzee Bagamoyo akachangamka. — Kumbe ni Mzaramo! Ndiyo maana kahawa imeanza kunuka.

Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara. Mtani husema analotaka, na huruhusiwi kukasirika. Huyu jina lake Kondo.

— Mmehesabu deni la mwaka kesho, mmehesabu na mshahara wa mwaka kesho kutwa, akasema. Ndugu, una mke?

— Ninaye, akasema Dionis. Na mtoto mmoja.

— Babu zenu walipopita kwetu, wake zao walifuata nyuma na vyungu. Wewe chuoni utakwenda na chungu? Huo mwaka utakaosoma, mkeo na mtoto watakula nini?

Jirani hawezi kumuuliza mwanamume hivyo mbele za watu. Mtani anaweza. Tarishi akachungulia kikombe chake. Mizani, aliyepima kila kitu tangu walipokaa, akajikuna shingo.

— Omari, ongeza kahawa, akasema Mzee Bagamoyo.

— Imekwisha, mzee.

Dionis akageukia ua. Nililiona jicho lake kati ya mabua.

Alipoingia ndani alisema: — Umesikia.

— Leonia aliniambia tangu asubuhi.

Akainamisha kichwa. — Basi wewe unasemaje?

Nilikuwa na mengi, lakini mdomo wangu ni mzito. Nikamwambia ale kwanza.

Kesho yake niliamka mapema. Nikakaanga karanga zetu, nikayeyusha sukari yote ya uji wa mwanangu Paskazia, nikamimina kwenye sinia na kukata kashata. Nikambeba mtoto mgongoni, nikazunguka ua. Nilikuwa sijawahi kupita pale wanaume wakiwa wamekaa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama Paskazia! Mizani akachukua mbili, akatafuna, akafumba macho. Hii ndiyo kahawa sasa! Niwekee, nitalipa mwisho wa mwezi.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

— Sikopeshi, baba. Deni moja nyumbani linatosha.

Dionis, aliyekuwa ameshika njia ya stesheni kwenda kubeba mizigo, akasimama. Akaniangalia mimi, akaangalia sinia, kisha akageuka kuelekea Chemchem, kwa yule mwenye duka.

Mizani akatafuta senti mfukoni. Nilisubiri mpaka akazitoa, ndipo nikakaa kwenye kona ya benchi, pale alipokuwa amekaa Mzaramo.