Ghorofa ya Tatu ya Cairo

Benchi lililo nje ya duka la kufulia nguo, mtaa wa Columbia Heights huku ughaibuni, lina wenyewe. Chupa ya kahawa huletwa na Silvanus wa Mbeya, aitwaye Mhandisi kwa kuwa aliwahi kubeba zege. Kubisha huletwa na Kipngetich wa Eldoret, dereva wa Uber, na huyo hajawahi kusahau mzigo wake. Leo Boniface wa Uvira amekaa katikati yao, tai shingoni. Saa tisa ana interview ya ubawabu katika Cairo, lile jengo la kale la Mtaa wa Q. Wiki iliyopita, kwingine, alisubiri saa nzima asiitwe na mtu, na mpaka sasa hajui kwa nini. Hana uso wa kumwambia mkewe "bado" mara nyingine.

Aliwaomba wampe historia kidogo ya jengo, asije akaulizwa akatoa macho. Alijitakia mwenyewe.

— Lilijengwa 1894, akaanza Silvanus. Ghorofa kumi na mbili. Watu wakaogopa ngazi za zimamoto hazifiki kule juu, ndiyo serikali ikabana urefu wa majengo mji mzima.

— Zimamoto gani, bana? akadakia Kipngetich. Ni wivu. Mabig man hawakutaka mtu wa juu aone venye wanakula lunch.

— Na wale tembo waliochongwa pale mbele? akauliza Silvanus. Hao ndio walipandisha matofali. Wakachongwa kama asante.

— Tembo afike ghorofa ya kumi na mbili?

— Alipandishwa kwa lifti.

— Basi ni kumi na moja. Ya chini si ghorofa, hiyo ni ground.

— Na paa je? Tembo walipumzika paani. Paa lililolaza tembo ni ghorofa.

Walikuwa wamefika ghorofa ya kumi na tatu, na Boniface amelowa jasho, Gaudiose alipotoka na kapu la nguo safi. Ni mama wa Bukavu, mtunza wazee, na benchi lile hajawahi kulikalia.

— Papa Boniface, wamekuita etaji ya ngapi?

— Ya tatu.

— Sasa ukishapita mulango, utapanda ngazi mara ngapi?

Kipngetich akainua vidole vitatu. Silvanus akainua viwili, akatazama vya mwenzake, akauficha mkono mfukoni.

Boniface akavitazama vidole. Wiki iliyopita pia aliitwa ya tatu, akapanda mara tatu, kama wanavyohesabu kwao, akakaa kwenye korido tupu amekunja mikono, huku waliomwita labda wako chini ya miguu yake, maana huenda hapa ya chini nayo huhesabiwa. Siku zote hizo alidhani ni Kiingereza chake. Akajihurumia, kisha akacheka peke yake.

— Niende mapema, alisema. Nianze na ya chini, nigonge kila mlango.

Kipngetich akasimama. Akatoa funguo za gari, akatangulia bila kubisha.