Mkaa Usiolia

Basi lilikuwa linapanda kilima pale muuza mkaa, mzee mwenye sauti ya kutangazia msiba, alipochungulia kikapu cha dada aliyeketi naye. "Binti, hayo madude ni nini?"

Dada akajibu kwa fahari ya mama wa mapacha kwamba ni mkaa mbadala. Hukusanya vumbi la mbao kwa maseremala, hulichoma, kisha hulifinyanga kwa uji wa muhogo. Leo mpishi wa shule ya bweni ataujaribu. Akiukubali, dada ataajiri wenzake wawili.

"Shule ile ni yangu," alisema mzee, kana kwamba ndiye aliyeijenga. "Naiuzia mkaa tangu mpishi ana nywele."

Akatwaa vipande viwili, akavigonganisha sikioni kama wafanyavyo wauza mkaa wote. Puu. "Umesikia? Mkaa mzuri hulia kama kengele. Huu umekufa."

"Mjomba, mpishi anataka maharage yaive. Hatafuti kwaya."

Basi zima likacheka, hata kondakta, tukio ambalo halijawahi kuripotiwa.

"Huo utayeyuka kwa mvua!"

"Na wako je, ukilowa unawaka? Tena siku hizi unaufuata wapi? Miti ya hapa umeshaimaliza."

Mzee akatazama dirishani. Kilima kilikuwa kipara kuliko mpishi.

Basi liliposimama langoni mwa shule, mzee aliteremka wa kwanza, kipande kimoja kikiwa mfukoni mwa shati lake. Dada alikiona, hakukidai.

"Kinachelewa kushika moto, mjomba, lakini kikishika hakizimiki upesi," akamwambia, akajitwika kikapu na kumpita kuelekea jikoni.